Njiwa Aliyehama: Darsa juu ya Ufugaji wa Njiwa na Haki ya Jirani

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewaumba ndege wakapaa angani kwa mbawa zao, wala hapana awashikaye wasianguke ila Yeye. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu, imetufikia katika darsa zetu khabari kutoka Gazi, mji ulio kando ya ghuba kati ya Diani na Msambweni, na pamoja na khabari hiyo masuala matatu. Tumeona faida yake si ya mji mmoja, kwani yatokeayo Gazi hutokea Tiwi, na Vanga, na hata katika mitaa ya Mombasa. Kwa hivyo tumependa kuyaandika hapa pamoja na majawabu yake, ili asiyehudhuria darsa naye apate fungu lake.

Khabari yenyewe ni hii. Mama mmoja mjane, ambaye watoto wake wote wamekwenda mbali kutafuta maisha, alikuwa akifuga njiwa manga katika ua wake. Hakuwa akiwauza, wala hakuwachinja ila mara chache, aliwaweka wamliwaze. Kila asubuhi aliwarushia mtama, wakamshukia miguuni, naye akazungumza nao kama azungumzavyo mtu na wajukuu zake. Khalafu jirani yake akatengeneza kibanda kipya, akaweka maji na nafaka. Kidogo kidogo njiwa wa yule mama wakahamia huko, mpaka kibanda chake kikabaki kitupu. Alipokwenda kuwataka, jirani alimjibu kuwa hakumwibia mtu. Njiwa wamekuja kwa mbawa zao wenyewe, na aliyeletewa riziki na Mola wake hairudishi.

Jawabu hilo lilimwumiza, lakini yaliyomwumiza zaidi ni maneno ya watu. Walianza kunong'onezana kuwa njiwa hawakai katika nyumba isiyo na baraka, na kuwa wakihama kwa ghafla basi pana jambo: ama ugomvi, ama husuda, ama uchawi. Mama yule akawa haendi tena arusini wala matangani ila kwa kuona haya.

Masuala yaliyoletwa ni haya. La kwanza: yafaa Mwislamu kufuga njiwa kwa kuliwazika nao tu, asikusudie nyama wala biashara? La pili: ni kweli kuwa njiwa wakihama nyumba ndiyo dalili ya kuondoka baraka? La tatu: njiwa aliyehamia kwa jirani ni wa nani?

JAWABU LA SUALA LA KWANZA

Asili ya jambo hili ni ruhusa. Dalili yake iliyo wazi ni hadithi ya Anas bin Malik (R.A.) iliyomo katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim. Anas alikuwa na ndugu yake mdogo kwa mama, mtoto aliyeitwa Abu Umair, naye alikuwa na ndege mdogo wa kucheza naye, akiitwa nughair. Mtume (S.A.W.) alipowazuru nyumbani kwao alikuwa akimwuliza yule mtoto kwa upole ndege wake amekuwaje. Lau kumweka ndege nyumbani kwa ajili ya kuliwazika kungekuwa haramu, Mtume asingelinyamazia jambo hilo. Naye hakunyamaza tu, bali aliuliza khabari za ndege kwa mapenzi. Mwanachuoni wa Kishafi, Abul Abbas Ibnul Qass, aliyefariki mwaka 335 wa Hijra, aliandika kitabu juu ya hadithi hii fupi, akatoa ndani yake faida zipatazo sitini na zaidi.

Ama khasa juu ya njiwa, Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ameeleza katika Raudhatut Talibin kuwa kuwafuga njiwa kwa ajili ya mayai, au makinda, au kuliwazika, au kuchukua barua, kunafaa bila ya karaha. Tazameni ndugu zetu: kuliwazika kumetajwa kwa jina lake, kukawekwa safu moja na mayai na barua. Na hizo barua hazikuwa jambo dogo katika zama zile. Sultani Nuruddin Mahmud bin Zangi, mtawala wa Sham, aliweka utaratibu wa njiwa wa kupeleka khabari katika nchi yake mwaka 567 wa Hijra (1171), ili khabari za mipaka zimfikie upesi.

Khalafu Imam Nawawi akaendelea kuwa kuwarusha njiwa kwa mchezo na mashindano, kauli iliyo sahihi ni kuwa ni makruhu. Na likiingia ndani yake jambo la kamari, ushahidi wa mtu huyo hukataliwa. Hapo ndipo mahali pa ile hadithi ya Abu Huraira (R.A.) iliyo katika Sunan ya Abu Daud, kwamba Mtume (S.A.W.) alimwona mtu akimfuata njiwa, akawaita wote wawili, mfuataji na mfuatwa, kwa jina la shetani. Wanavyuoni wameifahamu kuwa inamkusudia yule aliyeshughulishwa na njiwa mpaka ikampita sala, au kazi ikamlala, au akapanda juu ya mapaa akazitazama nyumba za watu na aibu zao. Haimkusudii mtu alishaye njiwa katika ua wake.

Hapa yatupasa kuonya juu ya jambo jingine. Wako watu wapendao njiwa ambao hawatosheki na ruhusa hii, wakaitilia nguvu kwa hadithi zisizo sahihi. Husema kuwa mtu mmoja alimshitakia Mtume upweke, akaamrishwa afuge jozi ya njiwa. Ibnul Qayyim, aliyefariki mwaka 751 wa Hijra (1350), ameitaja hadithi hiyo katika kitabu chake Al-Manarul Munif miongoni mwa hadithi za njiwa ambazo hapana hata moja iliyosihi katika hizo. Kadhalika kile kisa mashuhuri cha njiwa wawili waliotaga mlangoni mwa pango la Thaur siku ya Hijra. Wataalamu wa hadithi wameidhoofisha sanadi yake. Pango lenyewe limethibiti kwa Qurani, na hifadhi ya Mwenyezi Mungu kwa Mtume Wake imethibiti, nayo haina haja ya nyongeza yetu.

Na katika khabari za njiwa mna funzo kubwa juu ya uwongo wa namna hii. Khalifa Al-Mahdi wa Bani Abbas, aliyetawala tangu mwaka 775 mpaka 785, alikuwa akiwapenda sana njiwa. Siku moja aliingia kwake mtu mmoja, Ghiyath bin Ibrahim, akatakiwa asimulie hadithi. Akasimulia ile hadithi iliyopokewa kwa Abu Huraira, kwamba hapana zawadi ya mashindano ila katika ngamia, na farasi, na mshale. Kisha akatia kwake neno moja, na ndege, ili amfurahishe khalifa. Al-Mahdi akampa dirham elfu kumi. Alipogeuka kwenda zake, khalifa akasema kuwa anashuhudia kisogo kile ni kisogo cha mwongo. Kisha akaamrisha njiwa wake wachinjwe, kwa kuwa wao ndio waliosababisha Mtume kuzuliwa uwongo. Njiwa hawakuwa na kosa, lakini mtu alifahamu kuwa kipenzi chake kimekuwa mlango wa batili, akaufunga.

Basi mama wa Gazi hakukosea katika kufuga kwake. Kupoteza upweke kwa kiumbe cha Mwenyezi Mungu, ukamlisha ukamnywesha, ni jambo jema, na Mtume (S.A.W.) ametufunza katika hadithi iliyo ndani ya Sahihi mbili kuwa kuna thawabu kwa kila chenye uhai tukitendeacho wema. Ruhusa hii ni ya kweli, wala haihitaji msaada wa uwongo.

JAWABU LA SUALA LA PILI

Maneno kuwa njiwa akihama ameondoka na baraka hayana asili katika dini. Bali ni tawi la mti ule ule ambao Mtume (S.A.W.) alikuja kuung'oa. Waarabu wa zama za ujinga walikuwa mmoja wao akitaka safari humwendea ndege katika kiota chake akamkurupusha. Akiruka upande wa kuume huona kheri akaenda, na akiruka upande wa kushoto huona shari akarudi. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba Mtume aliamrisha ndege waachwe katika makao yao, na Imam Shafi ndiye aliyeifasiri hadithi hiyo kwa ada hii ya kuwakurupusha. Na katika hadithi ya Ibn Masud (R.A.) Mtume ameihisabu itikadi ya nuksi ya ndege kuwa ni shirki.

Tofauti iko wapi baina ya Mwarabu yule aliyetazama ndege ameruka upande gani, na mtu wa leo atazamaye njiwa amehama nyumba gani? Wote wawili wamemfanya ndege kuwa mjuzi wa ghaibu. Njiwa hajui yaliyo ndani ya moyo wa mwenye nyumba, wala hapimi sala yake, wala hana khabari ya ugomvi wa mke na mume.

Ajuacho njiwa ni mambo machache, na kwa hayo hukaa au huhama. Hujua njaa na kiu. Chombo cha maji kikikaa kikavu siku mbili tatu hutafuta penye maji. Hujua msongamano, jozi zikizidi matundu hupigana, na wadhaifu huondoka. Hujua utitiri, yale madudu madogo yanyonyayo damu usiku, ambayo yakijaa katika kibanda huwafukuza ndege wakubwa na kuwaua makinda. Humwogopa paka, na nyoka, na kanu, na mwewe. Na katika pwani yetu humwogopa kunguru wa Kihindi, mwizi wa mayai na makinda. Njiwa aliyeingiliwa usiku mara moja katika tundu lake huenda asilale hapo tena. Na hujua mwenziwe; dume la kibanda kimoja likioana na jike la kibanda cha pili, mmoja wao hana budi kumfuata mwenzake. Kisha wao ni ndege wa kundi, wakitangulia wachache kwenye kibanda kipya wengine hufuata. Sababu hizi zote mtu aweza kuzitazama kwa macho na kuzitengeneza kwa mikono. Mwenye kuacha kutazama tundu akaenda kutazama bao, amepoteza njiwa na dini pamoja.

Ndugu zetu, wala msidhani kuwa twafanya jambo dogo kuwa kubwa. Katika pwani yetu hii, Kilifi na Kwale, wazee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi: wanaume kwa wanawake, watu wenye mvi, pengine kwa mikono ya jamaa zao wenyewe. Tuhuma haianzi kwa panga. Huanza kwa neno lisemwalo barazani kama mzaha: kuwa fulani mbuzi wake hawafi, au fulani mwanawe haoi, au fulani njiwa wake wamemkimbia. Neno hilo hupita kinywa hata kinywa, na kila kinywa huliongeza, mpaka siku likutane na ugonjwa au msiba katika mtaa, na hapo hutafutwa mwenye kuubeba. Mwanamke mjane akaaye peke yake ndiye aliye rahisi kubebeshwa, kwani hana wa kusimama mlangoni pake.

Mtume (S.A.W.) alipoulizwa juu ya kusengenya, alieleza kuwa ni kumtaja ndugu yako kwa jambo asilolipenda, na ikiwa jambo lenyewe hanalo, basi hilo ni kumzulia, nalo ni baya zaidi. Hayo waliyoyanong'ona watu juu ya mama yule ni ya namna hii ya pili. Kwa hivyo walionong'ona yawapasa toba, na katika sharti za toba ni kumrudishia mwenye haki haki yake. Heshima ni haki. Walioivunja barazani yawapasa waijenge barazani papo hapo, mbele ya masikio yale yale yaliyosikia, wala haitoshi kuomba maghufira chumbani.

JAWABU LA SUALA LA TATU

Ama jirani asemaye kuwa njiwa wamekuja kwa mbawa zao, hoja yake ni dhaifu, kwani ng'ombe naye huenda kwa miguu yake wala hawi wa yule aliyeingia shambani mwake. Jambo hili halikuachwa kwa rai za watu. Imam Nawawi amelieleza katika Minhajut Talibin, kitabu ambacho madhehebu yetu ya Shafi yakitegemea, katika mlango wa mawindo. Tutaleta maana ya maneno yake, na ya wanavyuoni walioyasherehesha, katika mambo manne.

Jambo la kwanza: mwenye kummiliki ndege, milki yake haiondoki kwa kuponyoka ndege huyo. Hata mwenyewe akimwachia kwa kusudi, kauli yenye nguvu ni kuwa bado ni wake. Njiwa wa kufugwa huachiwa kila siku akaruka. Basi kuruka kwake si kuacha milki.

Jambo la pili: njiwa wa mtu wakihamia katika kibanda cha mtu mwingine, ni wajibu juu ya huyo wa pili kuwarudisha. Wenye kusherehesha wameeleza kuwa maana ya kurudisha hapa ni kumjulisha mwenyewe na kumpa nafasi ya kuwachukua, kwani si kila mtu aweza kumkamata ndege arukaye.

Jambo la tatu: wakizaliana, yaani dume la mmoja na jike la mwingine, basi yai na kinda humfuata jike, nalo ni mali ya mwenye jike.

Jambo la nne: wakichanganyika hata ikawa vigumu kupambanua, haisihi mmoja wao kumwuzia wala kumpa mtu wa tatu chochote katika hao, kwa kuwa hajui auza chake au cha mwenzake. Lakini wenyewe kwa wenyewe, kauli yenye nguvu ni kuwa yafaa mmoja kumwuzia mwenzake fungu lake. Ndiyo kusema sharia imewasukuma waelewane.

Kwa hayo jirani wa Gazi hana lawama kwa kujenga kibanda, kwani kila mtu ana haki ya kufuga. Wala hana lawama kwa njiwa kumjia bila ya yeye kuwaita. Lawama yake ilianza siku mama aliposimama mlangoni pake akawataja njiwa wake, naye akajua, akakataa. Tangu siku hiyo kila kinda alilolichinja katika makinda ya majike yale si riziki yake, ni mali ya mjane. Na kama alipoweka nafaka alikusudia kuwateka njiwa wa watu, basi dhambi ilitangulia tangu siku ile ya kwanza. Mwenyezi Mungu ametukataza kula mali zetu baina yetu kwa batili, na uchache wa mali haubadilishi jina la batili.

Baadhi ya watu watasema: hao ni njiwa tu, thamani yao ni ndogo. Twawajibu kuwa amana hupimwa katika vitu vidogo, maana katika vitu vikubwa kuna hati, na mashahidi, na mahakama. Katika njiwa hakuna karani. Kuna wewe, na ndege, na Mola wako. Njiwa aliyehama hatoi ushahidi juu ya nyumba aliyoitoka. Hutoa ushahidi juu ya nyumba aliyoingia.

Na njia ya kuyamaliza haya si ngumu. Majirani wawili wakutane pamoja na mzee wa mtaa. Njiwa watazamwe jioni wakiisha kutua, kwani usiku hutulia na hukamatika kwa urahisi. Wanaojulikana wapewe mwenyewe. Wasiojulikana wagawanywe kwa maridhawa. Kisha mwenyewe awafungie katika kibanda kilichotengenezwa, wakiwa na chakula na maji ya kutosha, kwa muda wa wiki tatu au nne, khalafu awafungulie jioni kabla ya kulishwa ili njaa iwarudishe. Na tangu hapo kila mmoja awavishe njiwa wake pete mguuni, yenye rangi yake, ili fitina isirudi.

HAKI ZA NJIWA NA HAKI ZA MAJIRANI

Tumeona vizuri tuongeze maneno machache kwa kila mwenye kufuga, kwani ruhusa ya kufuga imefungamana na haki.

Haki ya kwanza ni chakula na maji. Sote twaijua hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Njiwa aliyefungiwa yuko katika hukumu ya paka yule. Mpe mtama, mahindi yaliyovunjwa, pojo au kunde; mpe changarawe ndogo, na maganda ya kombe ya pwani yaliyopondwa, kwani hana meno, na changarawe ndizo zisagazo chakula chake. Chombo chake cha maji kiwe na kina, kwa sababu njiwa hunywa kwa kufyonza mdomo ukiwa ndani ya maji, si kama kuku anyanyuaye kichwa. Kibanda kiinuliwe juu ya nguzo, mlango wake usielekee upepo wa kusi, ambao huja na mvua za masika.

Haki ya pili ni kutowatenga wazazi na makinda. Njiwa hutaga mayai mawili, na huyaatamia siku kumi na saba au kumi na nane, mume na mke kwa zamu: mume wakati wa mchana, mke jioni mpaka asubuhi. Wakitotoa, wazazi wote wawili huwalisha makinda kwa kitu mfano wa maziwa kitokacho katika magole yao, na kwa siku za mwanzo makinda hayali kingine. Hii ni katika ajabu za Muumba, kwani ni ndege wachache mno waliopewa jambo hili. Basi amchinjaye mzazi mmoja makinda yangali machanga, huenda ameua watatu. Imepokewa na Abu Daud kutoka kwa Ibn Masud kwamba masahaba walichukua makinda mawili ya ndege safarini, mama yao akaja akitapatapa, Mtume (S.A.W.) akauliza ni nani aliyemfazaisha kwa watoto wake, akaamrisha warudishiwe.

Haki ya tatu ni ya jirani. Wanavyuoni wamesema kuwa njiwa walioachiwa kwa ada wakiokota nafaka ya watu, mwenyewe halipishwi, kwa sababu ada imepita ya kuwaachia. Lakini kutolipishwa si ruhusa ya kuudhi. Jirani aanikaye mpunga juu ya mkeka, au avunaye maji ya mvua juu ya bati lake akayatia katika tangi la kunywa, ana haki usimjazie njiwa hamsini juu ya paa. Fuga kwa kadiri ya ua wako.

Haki ya nne ni ya usafi. Kinyesi cha ndege katika madhehebu yetu ni najisi, ijapokuwa Imam Malik na Imam Ahmad wamekihukumu kuwa tohara kwa ndege wanaoliwa. Wanavyuoni wetu wamesamehe kile kilichomo msikitini kwa sharti tatu: kiwe ni shida kujiepusha nacho, mtu asikikanyage kwa kusudi, na pasiwe na unyevu. Msamaha huo ni kwa ajili ya dhiki, wala si hoja ya kuacha madirisha ya msikiti wazi na kuacha kufagia. Isitoshe, vumbi la kinyesi kikavu huchukua kuvu iwezayo kuingia mapafuni ikadhuru, khasa wazee na wenye maradhi. Afagiaye kibanda akinyunyizie maji kwanza, afunike pua na mdomo kwa kitambaa, na watoto wadogo wakae mbali.

Haki ya tano ni ya vijana wetu. Mtoto afugaye njiwa hujifunza huruma, na kuamka mapema, na kuhisabu. Lakini mzazi aangalie njiwa wasiwe mlango wa kamari. Imam Nawawi katika Minhaj ameitilia nguvu kauli kuwa haisihi kushindania mali kwa ndege. Leo ambapo kamari imeingia katika simu mpaka mfukoni mwa mtoto wa shule, hatuna haja ya kumfungulia mlango mwingine katika ua wa nyumba yetu.

Watu wa Gazi hawahitaji kufunzwa kuwa kiumbe kisichosema kina haki. Wao ndio waliosimama kuilinda mikoko ya ghuba yao, na tangu ulipoanza mradi wa Mikoko Pamoja mwaka 2013, fedha zilizopatikana kwa kuutunza msitu ule zimetumika katika maji na skuli za watu wote. Mkoko hausemi, lakini ulipotunzwa kwa uaminifu ulileta kheri kwa mji mzima. Uaminifu ule ule ndio utakiwao uani: katika njiwa, na kuku, na mpaka wa ua, na katika jina jema la jirani.

Kwa ufupi: kufuga njiwa kwa kuliwazika kunafaa, kumfanya njiwa kuwa mpiga ramli ni batili, na njiwa wa watu ni mali ya watu popote watuapo. Aliye na njiwa wa jirani katika kibanda chake awarudishe leo kabla ya magharibi, na aliye na heshima ya jirani kinywani mwake airudishe naye. Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wasikiao maneno wakafuata yaliyo mazuri yake, na azikinge nyumba zetu na dhulma na upweke.

Wallahu aalam, wabillahi ttaufiq.